Niliyoyaandika Juu ya Tobi

Matsuyama, 6 Oktoba 2014

Mama Otsubo, shikamoo.

Asante kwa kutupokea Jumapili. Nilitaka kukueleza mengi kuhusu mbwa huyu kabla sijaondoka, lakini nikaona unanitazama midomo tu, nikajua kile kifaa chako cha masikio kimegoma tena. Basi simu tuiache. Tuandikiane, kama ulivyoomba mwenyewe, na mimi nitajibu hata kama ni mistari mitatu.

Ni hivi. Alinaswa kwenye mtego wa waya uliotegewa nguruwe mwitu, huko milimani. Mama yake nadhani alikuwa mbwa wa wawindaji, baba hajulikani. Waya ulimla mguu wa nyuma hadi mfupani, kwa hiyo kuchechemea huko hakutaisha. Kwenye kituo cha wilaya alikuwa amebakiwa na siku mbili kabla ya kuuawa, kikundi chetu kilipomchukua. Watu wanaokuja kwetu wanataka vijimbwa vyeupe vya kubeba kwapani. Chotara mkubwa wa kahawia, kilema tena mwoga, hana mwenyewe. Ndiyo maana nilikuja kwako. Wewe hujawahi kunikatalia.

Kila wiki niandikie anakula nini, analala wapi, anaogopa nini, ameuma au hajauma. Nayanakili kwenye kadi yake, na kadi hiyo ndiyo anayoisoma mtu anayetaka kumchukua.

Ni malezi ya miezi miwili tu. Usimzoee sana. (Nacheka mwenyewe hapa.)

Wako,
Shiho Nagamine


Tsuwaura, 15 Oktoba

Shiho mwanangu, marahaba.

Siku tatu za kwanza alijibanza nyuma ya mashine ya kufulia. Nikimwita haji, nikimwacha haji. Siku ya nne niliweka kiazi kitamu sakafuni, nikakaa nikimpa mgongo, nikaanza kumsimulia habari za jiko la shule, jinsi nilivyopikia watoto mia tatu kwa miaka ishirini na sita. Nadhani alichoka kunisikiliza. Akatoka, akala, akarudi alikotoka.

Anaogopa wanaume, miavuli, na mlio wa waya, hata ule wa kuanikia nguo. Analala mlangoni pa chumba changu, kichwa ndani, matako nje, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Kuuma, hajauma. Hata mkate anaupokea kwa midomo, si kwa meno.

Nimemwita Tobi, yaani mwewe, kwa sababu ana rangi yake. Najua hukuniambia nimpe jina.

Jana jirani yangu Bi Ikuta alitukuta barabarani akapiga kelele hadi mimi kiziwi nikasikia: "Kinuyo! Umeolewa tena bila kutualika?" Nikamwambia, "Nimeolewa, na huyu wa sasa haniulizi chumvi iko wapi." Alicheka mpaka akashika ukuta. Mwanangu, sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimchekesha mtu.

Kinuyo Otsubo


Tsuwaura, 3 Novemba

Shiho mwanangu,

Anakula vizuri. Sasa analala ndani, mzima mzima.

Nauliza tu. Ile sheria yenu kwamba aliyepita miaka sitini na tano hapewi mbwa wa kubaki naye kabisa, inamhusu hata mtu mwenye afya? Mimi nina sabini na miwili, lakini ngazi za mashamba ya machenza nazipanda hadi juu. Juzi nilipanda na Tobi, na yeye ndiye aliyeomba kupumzika.

Ni swali tu. Usilijibu kama una kazi nyingi.

Kinuyo


Matsuyama, 9 Novemba

Mama Otsubo, shikamoo.

Swali lako nimelisoma mara mbili. Ingekuwa uamuzi wangu peke yangu ningefumba macho. Lakini mwaka juzi tulimpa mzee mmoja mbwa, mzee mzima wa afya kama wewe, na majira ya joto tuliitwa na polisi kwenda kumtoa yule mbwa kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeifungua kwa siku nne. Mimi ndiye niliyeingia. Tangu hapo kikundi hakisikii la mtu. Nisamehe.

Sasa habari njema. Kuna mtu amemwomba Tobi, na amemwomba Tobi hasa, si mbwa yeyote tu. Ni Bwana Isao Kajiwara, umri sitini na mmoja, fundi mitambo wa feri, aliacha kazi ili amuuguze mkewe, na mkewe amefariki mwezi wa tano. Ana nyumba yenye uwanja. Nilimwambia kuwa mbwa huyu anaogopa wanaume, akajibu, "Basi nitakuja bila mwavuli, nikae mpaka azoee." Atakuja kwako tarehe ishirini na mbili.

Mama, kwa miaka saba ya kazi hii, watu wa namna hii nimewapata wachache sana.

Shiho


Tsuwaura, 24 Novemba

Bi Nagamine,

Bwana Kajiwara alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Ni mtu wa adabu. Aliondoka saa sita.

Baada ya kuondoka, mbwa alinguruma mchana kutwa. Chakula alikataa. Jioni nilipomgusa shingoni aliniuma mkono wa kushoto. Kidonda si kikubwa, nimekiosha, usije.

Naona kwamba hayuko tayari kwenda kwa mtu, hasa mwanamume. Afadhali akae hapa mpaka majira ya kuchipua, ndipo tuone.

K. Otsubo


Matsuyama, 1 Desemba

Mama Otsubo, pole sana.

Nimemwarifu Bwana Kajiwara. Nilimpigia simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alinguruma baada ya mimi kuondoka, au nilipokuwa bado nipo?" Nikamwambia baada. Akasema asante.

Kanuni inanitaka niandike, nami nimeandika: kadi yake sasa ni nyekundu, "ameuma mlezi". Bwana Kajiwara ameomba anwani yako. Nimempa, naamini hutachukia.

Tobi abaki kwako kama unavyoshauri.

Shiho


Matsuyama, 5 Desemba

Mama Otsubo,

Samahani kwa kukuandikia bila kutambulishwa upya. Mimi ni Kajiwara, niliyekuja kumwona Tobi.

Nimeelezwa yaliyotokea, na ninasikitika kwa mkono wako. Sibishi. Ila mimi sikuona dalili yoyote. Utakumbuka, nilikaa pale kizingitini, na wewe ulikuwa jikoni unachemsha chai. Alikuja akaninusa magoti, akalala, akaweka kidevu juu ya kiatu changu akafumba macho. Mguu ulikufa ganzi, sikuthubutu kuusogeza.

Kama kuna jambo nililokosea, niambie nijirekebishe. Na kama unaruhusu, nije tena. Mbwa aliyeuma mara moja hanitishi. Ninaweza kuja kila Jumamosi nikae nje tu, hata mwezi mzima.

Nitasubiri jibu lako.

Isao Kajiwara


Matsuyama, 27 Januari 2015

Mama Otsubo,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa. Ukimya wako nimeuelewa, wala sitakusumbua tena. Binti yangu yuko Osaka na amenitafutia kazi ya ulinzi kwenye maghala. Nyumba nimeikabidhi kwa dalali na mwisho wa Februari nahama. Huko ni ghorofani, mbwa haruhusiwi, kwa hiyo jambo limekwisha lenyewe.

Mtunze Tobi. Nashukuru kwa chai.

Kajiwara


Matsuyama, 11 Machi

Mama Otsubo,

Muuguzi amenihakikishia kwamba sasa unaweza kusoma, kwa hiyo nakuandikia. Pole kwa nyonga. Daktari anasema utatembea kwa mkongojo ifikapo majira ya joto, lakini kurudi kuishi peke yako kwenye zile ngazi, hapana.

Najua unachosubiri kusikia. Tobi yuko hai.

Tarishi alikukuta chini ya ngazi, gari la wagonjwa likaja, na hakuna aliyejua kwamba kuna mbwa amefungwa nyuma ya nyumba. Wauguzi wanasema ulikuwa unaita "Tobi, Tobi", wakadhani ni mtoto wako, wakawa wanakuambia tulia mama, atakuja. Kifaa chako cha masikio kilikuwa kimebaki kwenye matope. Bi Ikuta alikuwa kwa dada yake. Aliporudi siku ya tatu ndipo alipomkuta. Kamba ilikuwa imejizungusha kwenye ule mguu mbovu. Bi Ikuta aliikata kwa kisu cha jikoni, huku akilia, nasikia.

Sasa yuko kwenye banda letu. Familia tatu zimesimama mbele ya tundu lake. Zote tatu zimesoma kadi nyekundu, zikaenda tundu linalofuata. Na lazima nikuambie: juzi nilipopitisha mkono kumwekea maji, alinionyesha meno. Kwa hiyo ulisema kweli.

Upone haraka.

Shiho


Hospitali, 15 Machi

Shiho,

Dawa zinanilevya, samahani kwa mwandiko.

Sikusema kweli. Tobi hakuniuma. Hakunguruma. Hakukataa chakula, alikula chake akala na mabaki yangu. Kidonda hakikuwapo. Nilikuambia usije ili usikione.

Nilikuwa jikoni nikachungulia. Alikuwa amelala juu ya kiatu cha yule bwana. Mimi alinichukua wiki mbili kuja hata kunigusa goti, na huyu hajapewa hata kikombe cha chai. Nilisimama pale na birika mkononi. Nilijiambia maneno mengi: kwamba mwanamume mfiwa hajui anachotaka, kwamba atachoka, kwamba Tobi ameshazoea huku. Bwana yule alipoondoka, Tobi alikaa mlangoni akitazama njia aliyoteremkia, na mimi nikaenda kutafuta kalamu.

Aliniandikia barua mbili. Sikujibu hata moja. Ziko kwenye kopo la mchele.

Siku ile nilimfunga nyuma kwa sababu nguo zilikuwa zimeanikwa mbele kwenye waya na yeye anauogopa. Nilisema dakika tano.

Meno aliyokuonyesha, mimi ndiye niliyempa. Badilisha kadi. Mwandikie Bwana Kajiwara aje amchukue. Mimi usiniandikie kama hutaki.

Kinuyo Otsubo


Matsuyama, 24 Machi

Mama Otsubo,

Barua yako nimekaa nayo juma zima. Nilitaka kukuandikia maneno makali na niliyaandika, kurasa mbili. Kisha nikaenda kabatini kutafuta faili la Tobi ili nithibitishe hasira yangu.

Barua yako ya Oktoba inasema hata mkate anaupokea kwa midomo. Ya Novemba inasema amekuuma, na imeanza na "Bi Nagamine", wewe ambaye siku zote umeniita mwanangu. Mama, zile barua mbili nilizisoma pamoja wakati ule, meza moja, na nilijua. Nilikuwa na mbwa arobaini na mmoja. Kwako palikuwa mahali pamoja ambapo hakuna aliyekuwa akilia. Nikanakili ulichoandika, nikapiga muhuri, nikamshika mbwa anayefuata.

Kwa hiyo kurasa zile nimezichana.

Bwana Kajiwara ameshahama. Nilimpigia. Nilimwambia tu kwamba Tobi anatafuta nyumba tena, kama anajua mtu. Akasema hamjui mtu, na sauti yake haikuwa ya kuendelea. Hayo mengine sikumwambia. Ni yako kuyasema. Anwani yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Kadi nimeibadilisha. Haisaidii sana. Watu wanauliza kwa nini imebadilishwa.

Shiho


Matsuyama, 9 Juni

Mama Otsubo, shikamoo.

Amepata kwao.

Ni wazee wawili, Bwana na Bi Okuno, wenye shamba la machenza upande wa pili wa ghuba. Mtoto wao wa kike anaishi nao, yeye ndiye aliyetia sahihi, kwa hiyo sheria haikutusumbua. Mzee alikuwa ameacha miwani garini, akafika kwenye tundu bila kusoma chochote. Mimi nikamwendea mbio: "Baba, huyu usimpe mkono, anaonyesha meno." Mkewe akauliza, "Mangapi?" Nikasema yote, mama. Akamgeukia mumewe: "Umesikia? Nguruwe mwitu wetu watakoma." Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Lakini sitakupamba mambo. Haingii ndani. Wamemfungulia mlango, wamemtandikia blanketi, wamemwita kwa upole. Hukaa uani, chini ya kibanda cha kuhifadhia makreti, mvua au jua. Akiona kamba hujikojolea. Bi Okuno anasema hana haraka, miaka bado ipo. Jina wameliacha lilelile, Tobi.

Wanasema ukitaka kumwona uende. Nitakuja na gari hapo kwenye nyumba yenu ya wazee nikuchukue, siku yoyote ya Jumatano. Niandikie tu.

Shiho


Nyumba ya Wazee, Yunohama
15 Juni 2015

Bwana Kajiwara,

Mimi ni Kinuyo Otsubo wa Tsuwaura, niliyekupa chai Novemba iliyopita. Uliniandikia mara mbili sikukujibu. Leo nakujibu, na sitegemei unijibu.

Mbwa hakunguruma baada ya wewe kuondoka. Hakuniuma. Hukukosea kitu chochote. Niliyatunga yote mimi, nikiwa nimekaa mezani kwangu na akili zangu timamu, kwa sababu nilimwona amelala juu ya kiatu chako na sikuweza kuvumilia.

Kwa ajili ya barua ile aliandikwa kwenye kadi kama mbwa mwenye kuuma. Mwezi wa tatu nilianguka, akabaki amefungwa siku mbili bila maji. Angekuwa kwako asingefungwa. Sasa yuko kwa watu wema wenye shamba, lakini hataki kuingia ndani ya nyumba. Kwangu alikuwa analala chumbani.

Shiho anataka kunipeleka nikamwone. Sijamjibu. Sijui nitasimama mbele yake kama nani.

Nilikunyima mbwa, na yeye nikamnyima wewe. Sina cha kuongeza.

Kinuyo Otsubo


Osaka, 2 Julai

Mama Otsubo,

Barua hii nimeianza mara nne. Ninafanya kazi mchana, na nikirudi binti yangu yupo, kwa hiyo imechukua muda.

Uliandika kwamba sikukosea kitu. Ngoja nikueleze jambo ambalo wewe hukuweza kulijua.

Mke wangu, Sumi, miezi yake ya mwisho hakuweza kumeza. Nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, saa nzima kwa bakuli moja. Siku moja Aprili alinitemea, si kwa kusudi, na mimi nikamshika mkono, hapa juu ya kiwiko, nikamtikisa na kumfokea kama mtu aliyenitukana. Alama za vidole vyangu zilibaki. Alipofariki, siku kumi na moja baadaye, zilikuwa zimegeuka njano. Wanawake waliokuja kumvisha waliziona. Wakazifunika kwa nguo.

Watu wote waliokuja msibani kuchoma uvumba walinisifu. Mume wa mfano, ameacha hata kazi. Nikawa nainamisha kichwa na kushukuru.

Kisha Bi Nagamine akanipigia simu na kuniambia kwamba mbwa alinguruma baada ya kukaa nami. Mama Otsubo, sikushangaa. Nilijua amenusa ule mkono wangu. Nilisema, hatimaye kuna mmoja ambaye hakudanganyika. Nilipokuandikia kwamba nije kila Jumamosi, nilikuwa naomba kukaa mbele ya hakimu wangu mpaka alegee. Ulipokaa kimya nikaona nayo ni hukumu, nikafunga nyumba nikahama.

Miezi saba nimeishi hivyo. Kumbe alikuwa amelala tu.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikasirika hadi nikatoka nje nikatembea mpaka mtoni. Nilidhani baada ya hasira ningepata nafuu. Sikupata. Mbwa awe alinguruma au hakunguruma, mkono wa Sumi niliutikisa mimi.

Ila nilikuwa sina tena wa kumsingizia kwamba ameshasema kwa niaba yangu. Kwa hiyo Jumapili, tukiwa tunamenya mbaazi, nilimwambia binti yangu. Nilimwambia yote, na mkono gani, na siku gani. Aliendelea kumenya. Nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Baba, mama aliniambia. Aliniambia wiki ileile kwenye simu."

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Alinikataza. Alisema utakuja kusema mwenyewe, nikusubiri."

Alikuwa ananisubiri mwaka mzima, na mimi nilikuwa nyumba moja naye tangu Machi.

Sijakusamehe, Mama Otsubo. Sitaki kuandika kwamba nimekusamehe kisha wewe ukae na uongo wangu kama nilivyokaa na wako. Labda itakuja, labda haitakuja. Lakini mjibu Bi Nagamine. Akija Jumatano na gari, panda.

Isao Kajiwara